Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo: naomba tarehe

Kwa Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Taaluma, na wajumbe wote wa jopo la usaili,

Shikamooni.

YAH: UAMUZI WA USAILI ULIOAHIRISHWA BILA TAREHE

Mimi ni namba 47. Ndiyo namba niliyobandikwa kifuani asubuhi ya usaili, Jumamosi ya pili ya Machi, na nadhani mtanikumbuka kwa hiyo kuliko kwa jina. Ni yule msichana aliyeingia na ngoma yenye joto. Mmoja wenu aliinuka kitini, akaigusa ngozi yake kwa mgongo wa mkono, akawatazama wenzake bila kusema kitu.

Jina la chuo sitaliandika. Kwanza, bado nakitaka chuo hicho. Pili, tangu nianze kuwaeleza watu habari hii nimekutana na vijana wengine wa hapa Dar es Salaam, waliofanya usaili kwingine, wenye ujumbe unaofanana na wangu kwenye simu zao. Kila mkuu wa chuo cha sanaa atakayeisoma barua hii ajue kwamba inamhusu.

Ujumbe wangu ulikuwa na maneno sita: "Uamuzi kuhusu maombi yako umeahirishwa. Utajulishwa." Uliingia wiki ya pili ya Aprili, jioni, nikiwa nimesimama kwenye daladala la Mbagala huku mvua ya masika ikipiga vioo. Nilisoma mara ya kwanza nikadhani nimekosa. Mara ya pili nikadhani nimepata, ila kuna karatasi fulani haijakamilika. Niliposhuka Rangi Tatu nilikuwa nimeusoma mara nyingi, na sikuweza kumwambia mama unasema nini, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua. Nilijaribu kuujibu, lakini namba ile haipokei ujumbe. Nimepiga simu ofisini mara tatu nikaambiwa nitapigiwa. Mwezi Mei nilikuja mwenyewe. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri, akanipa kiti na maji, akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, hata sisi huku hatujaambiwa." Simlaumu. Alinipa alichokuwa nacho.

Leo ni wiki ya kumi na moja tangu ujumbe ule.

Nataka kwanza niwaeleze nilivyofika mbele yenu, maana naamini uamuzi wa mtu aliyeko ofisini hubadilika akijua kilichobebwa mpaka mlangoni kwake.

Ngoma niliyokuja nayo ni ya bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja kuishi Temeke akiwa mwali aliyetoka kuchezwa. Hiyo ni ngoma ya mdundiko. Ninyi ni walimu, hamhitaji nieleze mdundiko ni nini, lakini barua hii ni ya wazi na watasoma wengine pia. Ni ngoma inayotembea. Haichezwi mahali pamoja. Inatoka uani, inaingia mtaani, inakwenda, na watu wanajiunga njiani. Watu wazima wa Dar es Salaam wanajua hadithi za watoto waliopotea kwa kufuata mdundiko. Mama yangu ni mmoja wao. Alikuwa na miaka saba, aliufuata kutoka Temeke akaja kupatikana Kurasini usiku, amelala kwenye baraza ya watu asiowajua, bado ameshika kijiti alichokuwa anagongea kopo. Alipigwa siku ile, na leo akisimulia anasema fimbo hazikumuuma kama kuambiwa ngoma imeshakwenda.

Mimi nimejifunza kwa bibi kuanzia darasa la tatu. Wapo walioniambia ngoma kubwa hazipigwi na mwanamke. Nilikuwa nawaonyesha picha ya marehemu Bi Kidude wa Zanzibar akiwa ameipanda msondo, uzee wote ule, mikono iko juu ya ngozi. Kwa kawaida mazungumzo yaliishia hapo.

Siku ya usaili nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Konda alinitoza nauli mbili, yangu na ya ngoma, na kwa kweli ngoma ilikalia nafasi ya mtu. Nilifika kabla ya saa mbili. Nikaitwa saa nane mchana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na kila mpigaji anajua ngozi inavyokuwa siku ya mvua: inalegea, inanyonya unyevu, ukiipiga inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Hapo chuoni sikuona mahali pa kuwashia moto. Nikatoka getini, nikamwomba mama lishe mmoja anayeuza chapati na maharage aniruhusu niioteshe kwenye jiko lake. Akasogeza sufuria. Tukaigeuza pamoja, mimi nikisikiliza kwa kidole mpaka ilipoanza kuitika. Aliniuliza, "Wakikuchukua utakuja kuniambia?" Nikamwahidi. Nilipokuja mwezi Mei nilizunguka upande wa pili wa barabara ili asinione.

Mliniomba wimbo bila ala, nikaimba. Mkaniomba mwendo, nikacheza. Mkaniomba nipige, nikapiga. Halafu mkaomba igizo fupi la mtu mmoja, la kutunga mwenyewe. Nililotunga lilikuwa la mwanamke wa Dar es Salaam mwaka 1955 anayepita nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake wa vikundi vya ngoma waje wachukue kadi ya TANU, chama kilichopigania uhuru. Nililitunga kwa sababu Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuwaongoza wanawake wa TANU, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, hapa hapa mjini kwetu. Wanawake wale walikuwa wameshajipanga kabla chama hakijafika: walikuwa na viongozi wao, michango yao, na njia za kupelekeana habari. Walijipanga kwa ngoma. Nilipomaliza mmoja wenu aliniuliza hayo nimeyapata wapi, nikasema mengine kwa kusoma, mengine kwa bibi. Mkaandika. Mkaniambia, "Asante, majibu ndani ya wiki tatu."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Sikuwa na uhakika wa kupata, nilikuwa na uhakika kwamba nimesikilizwa. Ndiyo maana maneno yale sita yaliniumiza. Ningekataliwa ningelia, ningelala, asubuhi ningeamka na kujua njia ipi imefungwa.

Sasa niwaeleze wiki kumi na moja zinafanya nini kwenye nyumba ya vyumba viwili Mbagala.

Mama yangu ni fundi cherehani. Anacheza mchezo na wanawake wenzake, wako 12, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi, anayefikiwa na zamu anapokea 600,000. Zamu yake ilikuwa Novemba. Mliposema majibu ni wiki tatu, alikwenda kwa kijumbe, yule anayesimamia mchezo, akaomba abadilishane na mwenzake wa Aprili ili ada ya awamu ya kwanza iwe tayari siku jina langu litakapotoka. Yule mwenzake alikuwa anunue friji ya kuuzia barafu na juisi msimu wa joto. Akakubali, kwa sababu ya mtoto. Hizo fedha zipo kwenye simu ya mama mpaka leo. Mwezi wa nne wote na wa tano bati la chumba chetu lilivuja juu ya cherehani, mama akawa anakisogeza chombo chake cha kazi huku na kule kama mgonjwa, na fedha ya bati ipo, haigusiki, ni ya chuo. Yule mama wa friji akimuuliza mtoto ameanza lini, mama anajibu, "Bado wanapanga." Nimemsikia akilisema jibu hilo mara nyingi, na kila mara sauti yake inapungua kidogo.

Kikundi changu cha ngoma kiliniondoa kwenye uongozi wa wapigaji mwezi Machi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba, nikijua naondoka. Nikamfundisha mdogo mmoja nafasi yangu. Sasa naye ameshaizoea, anaiweza, na si haki nimwambie ashuke. Tulipata kazi ya msimu kwenye hoteli moja ya ufukweni, upande wa Kunduchi, miezi sita, wakataka majina ya watakaokuwepo hadi mwisho. Jina langu sikuliweka. Ningewezaje kuahidi Oktoba na sijui Oktoba nitakuwa wapi?

Na kuna mwili. Hili ninyi mnalijua kuliko mtu yeyote, na ndilo ninaloshangaa mmelisahau. Mcheza ngoma hawekwi kabatini akasubiri kama cheti. Mwombaji wa uhasibu anaweza kukaa miezi mitatu na hesabu zake zikabaki. Sugu za viganja vyangu zimeanza kulainika. Nafanya mazoezi alfajiri kwenye uwanja wa shule kabla watoto hawajafika, lakini kufanya mazoezi ya kitu usichojua tarehe yake kunachosha kuliko mazoezi yenyewe. Wiki moja nafanya kila siku kwa sababu labda mtaniita tena kesho. Wiki nyingine siamki.

Mjomba wangu wa Morogoro alinitafutia nafasi ya kozi ya upishi, na napenda kupika, sitaki mtu adhani naidharau kazi hiyo. Niliwaandikia wale wa upishi nikaeleza ukweli wote: kwamba kuna jibu nalisubiri mahali pengine. Walinijibu baada ya siku mbili. Walisema watanishikia nafasi hadi Julai 5, baada ya hapo wataipa jina linalofuata kwenye orodha. Nilisoma ujumbe ule nikalia zaidi ya nilivyolia kwa wa kwenu, kwa sababu ulikuwa na tarehe. Watu ambao hawajawahi kuniona walielewa kwamba nina maisha ya kupanga.

Najua kuna sababu. Nimekaa kwenye vikundi vya ngoma, najua darasa la sanaa halijazwi kwa kufuata alama tu kutoka juu kwenda chini. Mnahitaji sauti nzito na nyembamba, wapigaji na wachezaji, wanaume na wanawake wa kutosha kuigiza mchezo mzima. Mkisha kuwa na wapigaji wanne, wa tano atasubiri muone kama kuna atakayejitoa. Pengine kuna idadi mliyopangiwa ambayo hamruhusiwi kuivuka. Pengine kuna mfadhili hajathibitisha. Pengine kati yenu kuna aliyesema ndiyo na aliyesema hapana, na hamjakaa tena. Yote hayo ningeyapokea. Ombi langu ni kuelezwa ni lipi kati yake.

Na nina jambo la kukiri. Miaka miwili iliyopita tulialikwa kucheza kwenye sherehe kubwa nje ya mkoa, gari lilikuwa na nafasi za wachezaji 8, na mimi nilikuwa na wasichana 12 niliowafundisha. Nilichagua 8. Wale wanne sikuwaambia hapana. Niliwaambia, "Subirini, nitawaambia." Nilijidanganya kwamba nawaonea huruma. Kusema kweli nilijionea huruma mwenyewe, nisiangalie nyuso zao. Mmoja wao, mwenye mguu mwepesi kuliko wote, alikuja mazoezini wiki mbili mfululizo na begi lake limeshafungwa. Siku ya safari alisimama barabarani. Tuliporudi hakuja tena, na mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa heshima tu. Kwa hiyo ninaposema "utajulishwa" ni neno linalomstarehesha anayelisema, nasema nikiwa nimelisema.

Nimesoma jinsi vyuo vya muziki na maigizo vinavyofanya kwingine, na sikusoma ili niwatukane kwa mifano ya mbali. Nchini Marekani mwombaji aliyeomba mapema anaweza kuambiwa uamuzi wake umeahirishwa, neno lile lile mlilonipa, lakini kule maana yake inajulikana: jina limehamishiwa kwenye kundi la kawaida, na jibu la mwisho kwa kawaida hutoka kabla au mwanzoni mwa Aprili, ili mtu awe na muda wa kuamua kufikia Mei 1. Uingereza vyuo vya muziki vina kundi la akiba, na mtu akiwekwa humo anaambiwa kwamba yuko akiba. Naamini nao pia wana vijana wanaoumia kwa kungoja. Lakini wanajua wanangoja nini. Kupanga tarehe na kulitaja kundi la mtu hakuhitaji jengo jipya wala bajeti ya Wizara.

Nimesoma pia hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipokuwa Rais mpya na akaunda wizara ya utamaduni. Aliwauliza Watanganyika, waliojua kucheza rumba na chachacha, ni wangapi kati yao wamewahi hata kusikia ngoma za gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Bibi yangu alicheza lelemama. Nilimsomea sehemu ile, akaomba nirudie majina. Alipomaliza kuyasikia akasema, "Sasa kama serikali iliuliza, na wewe umekwenda kujibu, mbona hawakufungulii?" Sikuwa na la kumwambia. Nawaachia ninyi swali lake kama alivyolisema.

Tuandikieni. Mimi na wenzangu wote mliotutumia maneno yale sita. Tuambieni tuko wapi: kama tuko akiba, semeni akiba, kama mnangoja fedha, semeni fedha, kama mnataka kutuona tena, tuiteni tuje, hata keshokutwa, ngoma nitaiotesha. Wekeni tarehe ambayo ikifika na hamjasema kitu, tujue jibu ni hapana na tuwe huru kwenda. Wekeni namba ya simu inayopokelewa na mtu anayejua. Na mwakani kabla ya usaili liandikeni hilo kwenye fomu yenyewe, pale juu, karibu na ada ya maombi, ili mtoto wa mtu mwingine asibadilishe zamu ya mama yake kwa wiki tatu zisizokuwepo.

Kama jibu langu ni hapana, naomba hapana hiyo. Nitalia, lakini Jumatatu nitapanda basi la Morogoro, na ngoma nitakwenda nayo.

Mchezo wa mama unakutana Jumapili hii saa kumi, nyumbani kwa kijumbe. Yule mama wa friji atakuwepo. Ningependa mama yangu aende akiwa na jambo la kusema. Simu yangu ni ile ile mliyoiandika kwenye fomu, na usiku siizimi.

Wenu katika sanaa,

Namba 47,
Mbagala, Dar es Salaam